Kifua cha Mkwe Wangu

Nashukuru, na nitashukuru kwa sauti. Anayekereka na akereke. Mkwe wangu nilimsema miaka miwili mizima: mvivu, mcheza karata, shamba lake la viazi vitamu limejaa magugu. Jina lake sikulitaja hata siku moja. Kwetu huku milimani Simbu, mama mkwe na mkwe hawatajani majina wala hawatazamani usoni. Nilimwita "yule", basi.

Binti yangu Rosina alijifungua miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia tatu, mishipa yote unaiona. Rosina mwenyewe alipasuliwa, kisha homa ikampanda, hajitambui. Kitanda cha joto hospitalini kilikuwa kimoja, na mapacha wa watu walishalala humo. Nikatandaza blanketi ndani ya mfuko wa kamba niliomsukia mjukuu wangu, maana sisi sote tumekulia kwenye mifuko hiyo.

Sista Bamo akanishika mkono. "Mama, mfuko hauna joto. Gusa miguu yake."

Nikagusa. Baridi tupu.

"Anataka kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, asitoke hapo," akasema.

"Si nipe mimi!"

"Wewe? Na hiyo dawa ya kifua kikuu umeianza juzi? Ukimkoholea umemmaliza. Baba yake yuko wapi?"

Jamani, nilichoka. Kwetu mwanamume hamgusi mtoto mchanga. Wazee humwambia kwamba damu ya uzazi itamvimbisha tumbo na kumlegeza ngozi, afe kijana. Yule alikuwa nje ya uzio tangu jana, baba zake wadogo wawili wamemlinda kama mfungwa.

Sista akatoka, akamweleza. Baba mdogo mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Haya, mnyonyeshe kabisa!"

"Ukiingia humo," akasema mwenzake, "kwenye nyumba ya wanaume wa ukoo usikanyage tena."

Yule akainamisha kichwa. Nikaona mjukuu wangu anakwenda hivi hivi. Nikamfuata pale uzioni, nikamtazama usoni.

"Mkwe wangu, nakuomba. Mdomo wangu mbaya, najua. Lakini mtoto miguu imepoa."

Akavua shati palepale mbele yangu. Aibu gani hiyo! Nikageukia ukuta wa hospitali.

"Sista, nionyeshe," nikamsikia. "Kama ni kufa, nitakufa nimemshika."

Alikaa naye kifuani siku kumi na tisa, wamefungwa kitambaa kimoja. Alikula kwa mkono mmoja, alilala ameketi. Maziwa aliyokamuliwa Rosina yalipitishwa kwenye mpira mwembamba puani mwa mtoto, tone kwa tone, na yule akiyahesabu kwa midomo. Asubuhi moja mtoto akasahau kupumua. Yule akamsugua wayo, anamwita, analia waziwazi, mpaka mtoto akashtuka akavuta pumzi. Na kila siku alijipapasa tumbo.

"Sista, halijavimba?"

"Limevimba kwa viazi vyangu!" nikamjibu kutoka ukutani kwangu, nilikokaa mbali nao nimewapa mgongo, kitambaa mdomoni. Wodi nzima ikacheka, naye akacheka.

Siku ya kuondoka, mtoto alifika kilo moja na gramu mia nane. Rosina, aliyekwishapona, alikuwa bafuni. Yule alisinzia kitini, mtoto kifuani. Baba wadogo wawili wamesimama mlangoni. Sista mgeni akaja na kadi.

"Aliyembeba huyu mtoto anaitwa nani?"

Baba wadogo wakatazama chini. Nikaondoka ukutani, nikaenda nikasimama mbele ya mkwe wangu.

"Kaupa," nikasema. "Andika vizuri. Kaupa."

Akafumbua macho, akaduwaa.

"Asante, Kaupa, mwanangu," nikamwambia, nikamtupia shati lake kwa sababu nje kulikuwa na ukungu.