Mzunguko wa Saba wa Yeriko

Yeriko ya mtaa wa Cibitoke ilijengwa kwa makopo ya nyanya, vipande vya tofali na godoro moja la sponji lililokufa zamani bila kuzikwa. Ilisimama nyuma ya nyumba ya Léoncie, mwalimu wa shule ya Jumapili, kati ya kamba ya kuanikia nguo na choo. Wajenzi walikuwa watoto kumi na mmoja. Mkubwa wao alikuwa na miaka tisa, na kila mmoja alijiona fundi mkuu.

Léoncie hakuipenda dini ya kukalishwa kwenye benchi. Mtoto, alisema, hasikii kwa masikio peke yake. Anasikia kwa vidole na magoti. Kwa hiyo walipofika kwa Yoshua hakuwasomea kwanza. Aliwatuma wakatafute ukuta. Siku sita wangeuzunguka mara moja kwa siku, midomo imefungwa. Siku ya saba mara saba, halafu tarumbeta za mabua ya mpapai, kelele, na Yeriko chini.

Siku ya kwanza tu, Zénon wa miaka saba alifunga kamba kwenye vijiti viwili mbele ya lango la mji, akasimama pale na bua la mtama begani.

"Hii ni nini?" Léoncie akauliza.

"Barrière, Tantine."

"Yeriko haikukuwa na barrière."

Watoto walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyesema mji hauna barabara.

"Sasa watu walikuwa wanaingia namna gani?" Zénon akauliza.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mwaka wa vita. Tangu watoto hawa waanze kushika mambo kichwani, hawajaona njia isiyo na kamba ya kizuizi, na kijana pembeni wa kuuliza karangamuntu, kile kitambulisho ambacho kilimfanya mtu apite au asipite. Léoncie aliiacha kamba palepale.

Bingwa wa kunyamaza alikuwa Mawazo, mtoto wa dada yake. Aliletwa kutoka Kajaga miezi minne iliyopita, kafungwa mgongoni kwa kitenge cha mwanamke asiyemjua, na tangu siku hiyo hajatoa neno. Kwenye nyimbo alikuwa wa mwisho, kwenye mistari ya kukariri alikuwa wa mwisho. Lakini kuizunguka Yeriko! Wenzake walicheka, wakapiga chafya za uongo, wakarudishwa mwanzo. Yeye alitembea kama jaji. Watoto wakaanza kugombea nafasi ya nyuma yake. Na kila jioni alichukua mkaa akachora mstari mmoja ukutani jikoni. Mmoja, miwili, mitatu. Léoncie aliiona mistari hiyo, na moyo ukamwambia: hapa hapachezewi. Huyu watu wazima wamekwisha kumwahidi mengi yasiyofika. Siku ya saba lazima ifike.

Mistari ilifika sita Jumapili. Jumapili hiyohiyo, watu wakitoka ibadani, vijana wa barrière za kata walipitisha amri: kesho ni ville morte, mji ufe. Duka lisifunguliwe, mtu asitoke, sauti isisikike.

Papa Népomuscène, mzee wa kanisa, alikuja mbio, Biblia kwapani.

"Mama Léoncie, hii mambo ya makopo uiache. Kesho kila mutoto akae kwao, asome mustari wake polepole."

"Papa, Yoshua alipewa siku saba. Mi nimuambie Mungu vijana wamemupa congé, apumuzike?"

"We unacheza. Hawa vijana hawachezake."

"Na mi sichezi. Ni watoto wanacheza, na ndiyo kazi yao."

"Wakikuua?"

"Utanihubiria. Lakini usichukue saa mbili kama kwa marehemu Hyacinthe. Watu walikuwa na njaa, Papa."

Mzee alicheka kabla hajajizuia, kisha akakasirika kwa sababu amecheka, akaondoka zake.

Mdomo wa Léoncie ulikuwa hodari kuliko miguu yake. Lakini miguu hiyohiyo ilimfikisha kwa kila mama wa avenyu ile, akaomba ruhusa uso kwa uso. Hakuna mtoto atakayekanyaga barabara, aliwaambia; watapita kwenye matundu ya nyua, nyumba hadi nyumba, kama kuku wanavyopita. Mama mmoja alikataa. Wengine walisema, "Haya."

Jumatatu mji ulikufa kama ulivyoagizwa. Hata nyundo za maseremala wa Cibitoke zilinyamaza. Watoto walitokea mmojammoja kwenye matundu, magoti yamejaa vumbi, wakajipanga nyuma ya Mawazo. Zénon akashika zamu kwenye kamba yake.

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mwishoni mwa wa sita, lango la uani lilifunguka kwa teke.

Alikuwa Darius, mkubwa wa barrière ya kona, mrefu kama nguzo ya umeme, rungu mkononi, bomu la grenade kiunoni.

"Karangamuntu!" Zénon alisema, kwa mazoea ya wiki nzima. Halafu akamtambua.

Hakuna aliyecheka. Darius aliitazama ile kamba. Akalitazama bua la mtama, bega lililolegea, kijiti cha meno pembeni mwa mdomo. Alikuwa akijitazama mwenyewe, kwa kimo cha goti.

"Nani amemufundisha hivi?"

"Ni we," Léoncie akasema. "Anapita kwako kila asubuhi akienda shule. Tuko walimu wawili hapa, Darius. Mi nina Jumapili tu, we una wiki mzima."

"Warudishe kwao. Leo ni ville morte."

"Imebaki mzunguko moja."

"Mama, mi nimesema..."

Mawazo alikuwa ameanza kutembea.

Wengine walisimama wameganda. Yeye alikwenda, midomo imefungwa, macho mbele. Darius alinyoosha rungu likakinga njia. Mtoto aliinama, akapita chini yake, akaendelea. Darius alibaki na rungu hewani. Alijua cha kumfanya mtu anayekimbia, na cha kumfanya anayeomba. Cha kumfanya mtoto anayeinama tu na kupita, hakuna aliyemfundisha. Zénon aliangusha bua lake, akafuata. Nyuma yake wakaja wengine, wakiinama mmoja baada ya mwingine.

Kisha mabua ya mpapai yakalia. Watoto walipiga kelele za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Léoncie alimtazama Mawazo, akangoja. Mdomo haukufunguka. Lakini mtoto aliweka mikono yote miwili kwenye godoro la sponji, akasukuma kwa kifua na paji la uso na kila alichokuwa nacho, na ukuta mzima wa makopo ukaporomoka ukigonganagongana mpaka miguuni pa Darius. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake, na Cibitoke yote iliisikia. Ng'ambo ya uzio, katika nyumba iliyofungwa kwa amri, mtu alipiga mfuniko wa sufuria. Halafu na nyumba ya pili.

Darius aligeuka huku na huku, asijue aanzie mlango gani. Alipiga kopo moja teke.

"Kesho nitarudi hapa!"

Léoncie aliokota lile kopo.

"Karibu sana," alisema. "Kesho tunaanza Daudi na Goliati, na tumekosa mutu murefu."