Ndege ya Safari Moja

Mkono wangu ulikuwa juu, na meli nzima ilikuwa ikisubiri ushuke.

Ndivyo ilivyokuwa taratibu. Injini ikishanguruma kwa nguvu zake zote, rubani huinua mkono ili kila mtu auone. Akiushusha, ofisa wa manati huhesabu hadi tatu, kisha huwasha roketi, na ndege hufyatuliwa kutoka kwenye omo, mbele kabisa ya meli, kama kokwa linalochomoka kati ya vidole. Kabla mkono haujashuka hakuna anayeruhusiwa kugusa kitu, awe nahodha au nani. Aliyeitunga taratibu hiyo lazima aliwahi kukaa kwenye kile kiti. Lady Morwen ilikuwa meli ya kubeba ngano, na sitaha yake ilijaa winchi na milingoti hata shakwe alitua kwa kubahatisha. Ndege yetu ilikuwa moja na safari yake ilikuwa moja. Ungeruka, ungepigana, kisha ungeiacha izame, na wewe ungejitupa baharini kwa mwavuli, ukiomba manowari ya ulinzi ikuone kabla baridi ya Atlantiki haijakumaliza.

Jumanne ile ndege ya Wajerumani ilikuwa mbali, upande wa kaskazini. Ilikuwa kubwa, ya injini nne, na ilizunguka ukingoni mwa mawingu kama mtu anayepita nje ya ua wa jirani bila kupiga hodi. Ilikuja asubuhi, ikaondoka, ikarudi. Kazi yake ilikuwa kutupeleleza na kuziambia nyambizi tulipo. Lakini kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ilikuwa pia ikinichokoza mimi. Waliomo waliniona vizuri pale kwenye omo. Walijua kwamba nikisharuka, msafara mzima wa meli utabaki uchi hadi Uskoti, na Uskoti ilikuwa bado mbali.

Niliyatazama yale mawingu. Ningefika, nayo ingekwisha kujifunika humo. Nikaurudisha mkono ndani, nikazima injini.

Sitadai kwamba nilitafakari sana. Nilikuwa nimechoka. Rubani mwenzangu, ambaye tulipaswa kupokezana zamu, tulimwacha hospitali kule Halifax, bandari tuliyotokea, akikohoa damu. Tangu hapo nilikaa kwenye kile kiti peke yangu kutoka alfajiri hadi giza, nimefungwa mikanda, nakula nikiwa nimefungwa, nasinzia nikiwa nimefungwa, maji ya chumvi yakinirashia usoni kila omo ilipozama. Uchovu wa namna hiyo humvua mtu mapambo yote. Huondoka hofu, huondoka ushujaa, hubaki vitu vichache anavyovijua. Mimi nilijua kimoja: siyo sasa.

Injini ilipokuwa bado inapoa, ile ndege ikashuka ghafla chini ya mawingu, nyuma kabisa ya msafara, palipokuwa na meli ya Waholanzi iliyokuwa ikikokota miguu kwa ubovu wa boila. Kabla injini haijawashwa tena, bomu la kwanza lilianguka majini. La pili halikuanguka majini. Nilijaribu kufungua mikanda nisimame nione, vidole vikakataa. Nilipofanikiwa kugeuka, tezi ya ile meli, sehemu yake ya nyuma, ilikuwa imeinuka, na watu walikuwa wakidondoka kutoka juu yake kama makombo yanayokung'utwa kwenye kitambaa cha meza.

Waliookolewa waliletwa kwetu. Kati yao alikuwamo mkuu wa sitaha wao, Bram Hoekstra, mtu mrefu wa maneno machache, aliyevishwa sweta la mpishi wetu lililomfika juu ya kitovu. Mdogo wake alikuwa zamu kwenye chumba cha injini. Hakutoka.

Jioni nilipoingia chumba cha kulia, mazungumzo yalikatika. Serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia, Tulloch, Mshetlandi wa visiwani mwenye shingo nene na ulimi mwembamba, akasogea kwenye benchi kwa heshima kubwa mno.

"Mpisheni bwana rubani, jamani. Kuatamia kutwa nzima si kazi ndogo."

"Na hatagi?" akauliza mpishi.

"Hatagi, bwana. Ila kula anakula."

Walicheka, si sana. Mholanzi hakucheka. Alikuwa akiutazama mkate wake kama kitu alichookota njiani.

Asubuhi iliyofuata nilikuta yai juu ya kiti changu ndani ya ndege. Yai lilikuwa kitu adimu wakati ule, na mtu fulani alikuwa amejinyima lake ili anitukane. Rennie, fundi wangu, alilitazama kwa aibu, akataka kulitupa baharini. Nilimnyang'anya. Lilikuwa limechemshwa vizuri. Nililimenya, nikalila, nikafunga mikanda.

Siku hiyo nahodha aliniita. Nahodha Gilmour alikuwa mzee mpole aliyekwisha kuzamishwa mara mbili, na upole wake ulikuwa mgumu kuukwepa kuliko matusi ya Tulloch. Alisema hanilaumu. Taratibu ni taratibu, na mkono ni wangu. Lakini meli, alisema, ni nyumba ya watu wasiolala, na watu wasiolala hawahitaji haki, wanahitaji kutulia. Nimwendee yule Mholanzi mbele ya wenzake, niseme samahani, neno moja tu, kisha tufike nyumbani salama. Hakutaka jibu papo hapo. Alinijazia kikombe cha kakao kwa mkono wake mwenyewe.

Nilirudi kwenye omo nikiwa nimekwisha kukubali moyoni. Nilianza hata kuyapanga maneno. Na nilipokuwa nikiyapanga, wazo jingine likaingia kwa utulivu, kama mgeni anayejua mlango ulipo: ile ndege ikirudi, hata iwe mbali kiasi gani, nitarushwa tu. Nitaruka nikafukuze mawingu, mafuta yaishe, nijitupe baharini, na watu wa Lady Morwen watanipenda. Nitakunywa chai yangu bila kunyamaziwa.

Wazo lile lilinitisha kuliko Wajerumani. Nilitambua kwamba uchovu, ambao Jumanne ulinifanya nione sawasawa, ungeweza pia kuniuza kwa bei ya kikombe cha chai. Sikumwendea Hoekstra. Nilipopita karibu yake kwenye ngazi aliniachia njia, nami nikapita, na kila mmoja akamsikia mwenzake akipumua.

Alhamisi ndege zilikuja mbili. Safari hii hazikuzunguka. Zilitokea kwenye ukungu, chini chini, karibu zilambe maji, zikiilenga meli ya mafuta iliyokuwa sambamba nasi. Niliinua mkono na kuushusha kwa mwendo mmoja. Roketi zikanipiga teke mgongoni, dunia ikawa moshi, kisha bahari ikawa chini yangu na ndege ikawa nyepesi, nami nikashangaa, katikati ya yote yale, jinsi nilivyokuwa nimeisahau raha ya kuruka.

Sina mengi ya kusimulia kuhusu mapigano. Watu hupenda kuyasikia, na mimi huyakumbuka vipande vipande tu: bawa likiwaka, kioo changu kikipasuka, uso wa mtu ukinitazama kutoka dirishani mwa ndege yake, uso wa mtu aliyechoka pia. Moja ilianguka. Nyingine ilimwaga mabomu yake katika maji matupu ikarudi ukunguni. Kisha nikapanda juu, nikafungua kioo, nikaigeuza ndege chali na kuiacha iniangushe. Baridi ya bahari ilinikamata kifua kama mdai. Manowari ndogo ya ulinzi ilinivua nikiwa siwezi tena kutamka jina langu.

Bandari ya Greenock, Uskoti, ilitupokea kwa mvua. Manowari ilitangulia, na Lady Morwen ilipofunga gatini watu wake walinitafuta hadi wakanipata kwenye baa moja jirani na bandari, nikiwa na blanketi begani. Tulloch alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Aliagiza bia kwa watu wote, akawatangazia wenye baa, ambao hawakuuliza, kwamba yule waliyemwona ni rubani wake, na kwamba atakayesema vibaya juu yake atapasuliwa midomo. Mpishi alinishika mkono asiuachie. Sikuwahi kupendwa namna ile na watu wengi kwa pamoja. Ilikuwa kama kulazwa kwenye maji ya moto.

Katikati ya joto hilo Nahodha Gilmour akainama sikioni kwangu. Hoekstra yumo, alisema, pale pembeni. Sasa ni rahisi, kijana wangu, hakuna atakayekudharau. Limalize.

Mholanzi alikuwa amekwisha kusimama mbele ya meza. Kelele zilipungua zenyewe.

"Sikuja kugombana, Luteni," alisema. "Nataka kujua tu. Jumanne, ungeweza kwenda?"

"Ningeweza."

"Ungeiwahi?"

"Labda. Labda nisingeiwahi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa uzito aliokuwa akiutarajia. "Mama yuko London, alitoroka kabla mipaka haijafungwa. Kesho nakwenda kumwambia. Wewe niombe radhi, nami nimfikishie. Itamsaidia."

Nilimtazama. Alikuwa mtu mwema, na alichoniomba hakingenigharimu kitu. Nyuma yake walikuwapo Tulloch na mpishi na wenzao, nyuso zimelainika kwa bia na kwa huruma, wakinisubiri nimalize ili waendelee kunipenda. Wiki ijayo watu hao hao wangesafiri na rubani mwingine, aliyefungwa mikanda peke yake kama mimi. Nikiomba radhi mbele yao, nitakuwa nimewapa fimbo ya kumswagia. Wangemwambia: yule wa mwanzo, hata yeye alikiri. Naye angekwenda.

Tena, hata kama hakuna rubani mwingine, hata kama Lady Morwen ingevunjwa vyuma kesho yake, neno lile halikuwamo ndani yangu. Nililitafuta kwa uaminifu. Nilimkuta mdogo wake, nikakuta simanzi kubwa, nikakuta usingizi. Hilo sikulikuta.

"Pole, Hoekstra," nilisema. "Pole sana kwa mdogo wako, na mpe mama pole zangu. Mwambie na jina langu, mwambie niliiona ile ndege nikakataa kwenda."

"Na radhi?"

"Radhi siombi."