Kidole cha Mchungaji Kwenye Kopo la Vifungo

Mama Pindo alikaa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa nguzo, mahali anapokaa kila Jumapili kwa sababu hapo anaweza kunyoosha mguu wake wa cherehani bila kumsumbua mtu. Mguu wa cherehani ni ule wa kulia, wa kukanyagia, na kifundo chake kimevimba tangu zamani. Pembeni yake alikaa binti wa kaka yake, ambaye chuo chake kilikuwa kimefungwa na alikuwa amekuja likizo na habari nyingi kuliko nguo.

Mchungaji alikuwa anahubiri kuhusu kumpenda jirani. Alivaa joho jipya, jeupe, ambalo Mama Pindo alilimaliza Alhamisi, na pindo lake lilishonwa kwa mkono kwa sababu mashine huacha alama. Mahubiri yalikuwa matamu. Katikati, akitaka kuwaamsha waliokuwa wanasinzia, mchungaji akasema, "Hata watu wa ng'ambo ya mto tunawapenda, si ndiyo jamani? Ila ukishikana nao mkono, usisahau kuhesabu vidole vyako!"

Kanisa zima likacheka. Kwaya ilicheka, wazee wa kanisa walicheka, na mpiga kinanda akabonyeza noti moja ya kusindikiza. Mama Pindo, ambaye kabila lake ndilo hilo la ng'ambo ya mto, kwa baba na kwa mama, naye alicheka kidogo. Binti wa kaka yake hakucheka. Alimgeukia shangazi yake akamwangalia tu, mpaka kile kicheko kikaisha chenyewe.

Ibada ilipoisha, mchungaji alisimama mlangoni kuagana na watu, mkono kwa mkono, kama kawaida.

"Mama Pindo! Joho limenikaa utadhani nimezaliwa nalo."

"Tunashukuru, mchungaji."

Wakashikana mikono, akaenda zake; binti alikuwa ameshapita bila kutoa mkono.

Nyumbani, alipofungua mkoba kutafuta miwani, alikuta kidole. Kilikuwa kimelala juu ya kitabu cha nyimbo, kisafi, cha vuguvugu, hakina damu wala jeraha. Ubavuni kilikuwa na doa la wino. Mama Pindo alivaa miwani kwanza, halafu akakigeuza.

"Shangazi, hicho ni kidole cha nani?"

"Cha mchungaji. Cha shahada, mkono wa kulia."

"Una uhakika?"

"Mwanangu, yule mtu nimempima miaka ishirini na mbili. Nitakosaje kumjua?"

Akakipangusa, akakizungushia pamba, akakiweka kwenye kopo la vifungo, kwa sababu ndilo kopo pekee pale nyumbani ambalo mfuniko wake unafunga vizuri. Halafu wakala.

Mchungaji naye alihesabu vidole saa kumi, akinywa chai, akapata tisa. Hakupiga kelele. Alimwambia mke wake, mke akamwambia mwenyekiti wa akina mama, na ukishamwambia mwenyekiti wa akina mama huna haja ya kumwambia mtu mwingine. Kufika Jumatatu mchana watu walikuwa na swali moja tu: alishikana mkono na nani? Orodha ilikuwa ndefu, watu mia na kitu. Wa ng'ambo ya mto alikuwa mmoja.

Jumanne alikuja mama mmoja wa kwaya kuchukua gauni lake, ambalo lilikuwa bado halina mikono. "Nitamalizia mwenyewe," akasema, na huyo hata uzi hajui kutunga. Akaja dada mwingine kupimwa sketi. Alipimwa mikono yote miwili ikiwa mfukoni, kwa hiyo vipimo vikatoka na vinundu pande zote mbili, na Mama Pindo akaviandika hivyo hivyo kwenye daftari. Jumatano hakuja mtu. Mama Pindo alipaka cherehani mafuta asubuhi, na mchana akaipaka tena.

"Kesho namrudishia," alisema.

"Hivi hivi tu?" binti alidakia. "Shangazi, ukimrudishia hivi hivi utakuwa umekiri! Watasema mnaona, aliiba, roho ikamsuta. Kwanza yeye arudishe maneno yake. Palepale aliposemea, mbele ya wale wale waliocheka."

"Hicho chuo kinakufundisha nini, kubishana?"

"Kinanifundisha kusema, shangazi."

"Kusema ulizaliwa nako. Tulikuwa tunakufunga mgongoni unasema."

Binti akacheka, halafu akaona shangazi yake amelishika lile kopo kwa mikono miwili na hacheki.

"Mama yangu alivuka mto na sindano moja, ameichomeka kwenye ukosi wa gauni," Mama Pindo alisema. "Kashonea watu wa hapa mpaka macho yakaisha. Kazikwa hajaitwa mwizi hata siku moja. Mimi sitaki kingine. Jina lake nililipokea hivyo, nataka niliache hivyo."

Alhamisi saa tisa mchana walikwenda ofisini kwa mchungaji. Kulikuwa na meza, viti vitatu vya plastiki, kabati lenye mlango unaofunguka wenyewe, na kalenda iliyokuwa bado inaonyesha mwezi uliopita, kwa sababu mchungaji alikuwa amezoea kufungua kurasa kwa kile kidole. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha chini ya meza.

"Shikamoo, mchungaji," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama Pindo, karibu. Nilijua utakuja."

Ile "nilijua" haikumpendeza binti, akafungua mdomo, lakini shangazi yake alimkanyaga kwa ule mguu wa cherehani, na ule mguu una nguvu. Mama Pindo akafungua kopo, akatandaza leso mezani, akaweka kidole juu yake.

"Kilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikukichukua, mchungaji. Kilikuja."

"Naelewa, naelewa." Mchungaji alitoa mkono, akakichukua kidole, akakibandika mahali pake. "Wewe nakujua, mama. Wewe si kama wale wenzako."

Kidole kikadondoka. Kikabingirika mpaka chini ya kabati. Mama Pindo akapiga magoti, akakitoa, akakipuliza vumbi, akampa tena.

"Ulikuwa utani tu," mchungaji alisema, akikibandika. "Hata mke wangu alicheka."

Kikadondoka.

"Mchungaji, kwa heshima zote," binti alisema, na sasa hakukanyagwa, "hebu jaribu kusema nilikosea. Ni neno moja tu. Halichomi."

"Mwanangu, wewe bado mdogo. Kanisani watu wanataniana. Watu walicheka wote."

"Hata mimi nilicheka," Mama Pindo alisema.

Alisema polepole, huku anakunja leso.

"Nilicheka, mchungaji, na huyu mtoto ananiona. Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko haya mambo ya kidole. Miaka ishirini na mbili nimekupima shingo, nimekupima kifua, nimekushonea joho la kuzikia mama yako na sikulala mpaka likaisha. Nguo zako zote zimepita mikononi mwangu. Nikuulize. Umewahi kupotewa na kifungo?"

Mlango wa kabati ukafunguka. Hakuna aliyeufunga.

"Hapana," mchungaji alisema. Akaangalia meza. "Hata kimoja."

Kidole kikashika. Kikajikunja, kikajikunjua, kikagonga meza mara mbili kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Wote watatu walikiangalia. Mchungaji alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, na Mama Pindo naye akatabasamu, maana alikuwa anampenda yule mtu, na hilo halikuwa limebadilika.

"Basi Jumapili sema hivyo hivyo," akamwambia. "Maneno hayo hayo, wala usiongeze."

Mchungaji aliangalia dirishani. "Jumapili hii tuna wageni," alisema. "Na wazee wataona kama nimelazimishwa. Tuliache kwanza lipoe."

Kidole kiliachia taratibu. Mama Pindo alikuwa ameshakinga kiganja.

"Nitakutunzia," alisema.

Njiani kurudi binti alilia kwa hasira, na Mama Pindo akampa ile leso. "Pangusa upande huu. Ule mwingine ndio tuliolazia kidole."

Jumapili mchungaji alisimama akasema, "Kama kuna yeyote aliyekwazika kwa maneno fulani, basi asamehe, tusonge mbele." Watu wakapiga makofi. Wazee walisema jambo limekwisha. Kidole, ndani ya mkoba, hakikutikisika.

Binti alirudi chuoni. Anapiga simu kila jioni na swali lake la kwanza ni moja: "Amesema?" Shangazi anamjibu bado, halafu wanaongea mengine.

Kidole kipo. Jumamosi Mama Pindo hukikata ukucha, na wakati wa baridi hukipaka mafuta akakivisha kastabani, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, ambacho kinakienea. Ni kidole kizuri kwa kazi: kinabana kitambaa wakati yeye anatunga uzi. Wateja wamerudi karibu wote, kwa sababu mafundi wengine wanaacha alama kwenye pindo, lakini wanasalimia kwa kiwiko. Anayehamia kanisa lile anaonyeshwa benchi la tatu. "Yule ndiye mwenye kidole cha mchungaji," anaambiwa. "Wa ng'ambo ya mto yule, si unawajua," na mgeni anacheka.

Pakiwa na ubatizo, Mama Pindo hutangulia ofisini na kopo lake. Anafunga mlango, anamuuliza mchungaji, "Kifungo?" na mchungaji anajibu kwa sauti ya chini, "Hata kimoja." Kidole kinashika, kinatosha kuchora msalaba kwenye vipaji vya nyuso viwili, vitatu watoto wakiwa watulivu. Ikifika amina, Mama Pindo anakuwa ameshasogea karibu, kiganja wazi.

Mwaka huu amemshonea joho jingine. Mikono ameirefusha inchi mbili, bila kuambiwa, ili watu wasimkodolee macho. Mchungaji analivaa kila Jumapili. Ibada ikiisha anasimama mlangoni, na zamu ya Mama Pindo ikifika anampa mkono wa kushoto.

"Limenikaa vizuri, mama."

"Tunashukuru, mchungaji."

Halafu, kabla hajamsalimia anayefuata, anaurudisha mkono ule ndani ya joho. Mama Pindo, ambaye anaijua ile mikono ya joho mshono kwa mshono, anaona kitambaa kinavyotikisika huku kidole gumba kikigusa vidole vingine humo ndani, kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka mchungaji aridhike.