Boljointi Kwenye Pindo la Kanga

Jeki ilipozama mchangani kwa mara ya pili, Zaidi aliomba kinu. Mama yake, Bi Mwanabibi, alicheka kusikia kinu chake kinatakiwa kibebe Noa nzima ya abiria, lakini alikwenda akakiviringisha mwenyewe kutoka jikoni, akipapasa ukuta, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili.

"Kikipasuka nitatwangia mgongoni mwako," alimwambia.

Kinu kikalazwa kifudifudi, gari likaketi juu yake. Halikutikisika.

Haraka ilikuwa na sababu. Madaktari wa macho waliopiga kambi Kibiti walikuwa wanaondoka siku ileile, wakishaswali adhuhuri, na hakuna aliyejua watarudi lini. Majirani wawili, akina mama wenye macho kama ya Bi Mwanabibi, walishafika, wamekaa barazani na vikapu vyao. Lakini tangu juzi gurudumu la mbele kulia lilikuwa likigonga kila shimo, na barabara ya kuingilia kwao Chumbi ni mashimo matupu. Huchongwa kila mwaka, mikutanoni.

Mafundi wa Ikwiriri walitaka gari lilale kwao. Zaidi akaona afunge mwenyewe boljointi mpya, kile kifundo cha chuma kinacholishika gurudumu la mbele lisichomoke linapogeuka. Alipouliza bei mwanzo wa wiki ilikuwa moja, aliporudi kununua ilikuwa nyingine, na muuzaji akamwambia kama ana malalamiko akaiulize dola iliyopanda bei.

Akatoa tairi, akafungua nati. Mama yake alikaa pembeni akimpa spana, akizitambua kwa vidole, na hakukosea hata moja. Zaidi akainua nyundo, kwa kuwa kifundo kile mtu hukitoa kwa jasho. Aligonga mara moja tu, kikamwangukia mkononi.

Alikitazama, akakaa chini. Mdomo wa chuma uliokuwa umeishika gololi ya ndani yake ulikuwa umelika ukabaki mwembamba kama ukucha. Jana yake tu alitoka nacho Nyamwage, watu wamejaa, magunia ya mpunga juu, na pale mteremkoni aliachia gari likimbie.

"Mbona kimya?" Bi Mwanabibi akauliza. "Nipe nishike."

Akakipitishia kidole gumba taratibu, akarudia.

"Hiki ndicho kilichotushika siku zote hizi?"

"Ndicho, mama."

"Subhanallah. Na wewe ukijiita dereva."

Zaidi alikuwa na hofu, na ndani ya hofu ile mlikuwa na kitu kikubwa zaidi, kama cha mtu aliyeamka akakuta nyoka amelala naye mkeka mmoja hadi asubuhi bila kumgusa. Bi Mwanabibi akakifunga kifundo kwenye pindo la kanga yake.

Kipya kikakaa sawasawa. Wote wakapanda, gari likavuka daraja la mtoni, likapita Ikwiriri bila kugonga, na ukimya ule wenyewe ukawa ajabu. Njia nzima kifundo kilizunguka mikononi mwa akina mama, kila mmoja akikipima na kumtaja Mungu.

Karibu na kuingia Kibiti wakasimamishwa. Askari wa barabarani alikuwa kijana, kavaa sare nyeupe inayong'aa. Akatazama leseni, akatazama stika ya ukaguzi kiooni, akaridhika. Alikuwa amekwishawaruhusu pale Bi Mwanabibi, moyo umemjaa, alipotoa mkono dirishani.

"Mwanangu, hebu shika uone Mungu alivyo mkubwa. Hiki kimetubeba mpaka leo asubuhi."

Askari akakipokea, akakigeuza, na uso wake ukabadilika. Akasema gari hili ni bovu na ushahidi ni huu. Zaidi akamweleza kwamba hicho ndicho kilichotolewa, kipya kimefungwa, ainame tu achungulie. Askari akatazama suruali yake, akatazama vumbi. Akasema kuchungulia ni kazi ya mkaguzi, naye mkaguzi yuko semina hadi Jumatatu.

"Afande, stika ile ilibandikwa hicho kikiwa humo humo ndani," Zaidi alisema. "Mkaguzi naye hakuinama."

"Usinifundishe kazi. Lete funguo."

Zaidi akazitoa. Akaona aibu, maana wale wazee waliniamini, alijiambia, na sasa nimewafikisha mlangoni nikashindwa kuwaingiza. Kabla hajageuka kuwaambia, akasikia mlango wa nyuma ukiburuzwa. Mama yake alikuwa ameshashuka, anapapasa lami kwa kandambili.

"Miguu hii haina stika, mwanangu," alimwambia yule askari, bila kupandisha sauti. "Nayo utaizuia?"

Bi Mwanabibi akaomba arudishiwe kifundo chake. Askari akasema ni ushahidi.

"Basi kitunze," alisema. "Kimetutunza sisi."

Akatafuta bega la Zaidi akalishika. Majirani nao wakateremka, mmoja akishika kanga ya mwenziwe, msafara ukashika njia kando ya lami. Zaidi aligeuka mara moja. Askari alikuwa amesimama kando ya Noa tupu, anafuta kiganja kwa leso, na grisi inazidi kutapakaa.

Mbele yao adhana ya adhuhuri ikaanza. Bi Mwanabibi akaongeza mwendo, hata Zaidi, mwenye macho mazima, akawa ndiye anayevutwa.