Uji wa Mama Athok

Ukitaka kujua ukaidi ni nini, mwache punda apumzike. Muulize Ngor habari za mdogo wake, Makur. Ngor alimlea kijana huyo tangu Kitale, akarudi naye Juba, akamtafutia nafasi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege alikofanya kazi mwenyewe. Kazi safi, ya sare na chakula cha mchana. Makur akasema hapana, yeye anataka kuwa nesi. Ngor alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Nesi ni mwanamke, ama ni mimi sijui?"

"Yule aliyenifunga mguu Kitale alikuwa na ndevu," alijibu Makur.

Wakakubaliana, kwa shingo upande. Makur angesoma shule ile ya Nyakuron inayowaandaa vijana kwa kazi za hospitali, na Ngor asingemsumbua. "Lakini ukirudishwa darasa hata mara moja, khalas, unakuja kupakia cargo na mimi," alisema Ngor. Makur alikubali haraka, maana hakuona vipi mtu kama yeye angerudishwa darasa.

Shule yenyewe haikuwa na makuu. Asubuhi walisoma hesabu na Kiingereza kama shule nyingine yoyote, mchana wakajifunza kupima mapigo ya moyo, kufunga vidonda na kutandika kitanda chenye mtu ndani yake. Wakifika kidato cha tatu walivushwa uzio, wakaingia kliniki ya jirani kwa mafunzo ya vitendo. Aliyewavusha alikuwa Madam Virginia, muuguzi wa miaka mingi kutoka Murang'a, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufungua milango. Kila mwanafunzi alimpa mgonjwa mmoja tu.

"Mgonjwa wako ni wako," aliwaambia. "Utamwosha, utamlisha, utajua amelala vipi. Akiharibikiwa kwa uzembe wako, kidato cha nne utakisikia kwa wenzako."

Makur alipewa Mama Athok, mama mrefu, mkimya, mwenye ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Makur aliinama kumsalimu kwa Kidinka chake cha kitoto. Yule mama akamtazama usoni, akashtuka, akavuta shuka akajifunika mpaka kichwani.

Basi, mwanzo wa mambo ulikuwa huo. Makur aliona ni haya tu, na haya dawa yake ni upole. Alileta uji, akakaa kando ya kitanda, akangoja. Shuka haikusogea. Akasema, "Mama, kula kidogo tu." Shuka ikageukia ukutani. Uji ukapoa, ukafanya ngozi juu, na Makur bado amekaa.

Nesi Jethro, aliyekuwa zamu, alipita na sindano ya insulini. Insulini hushusha sukari mwilini, na anayechomwa kisha asile, sukari yake huanguka mpaka ikampeleka pabaya. Ndiyo maana Jethro hakumchoma mtu kabla ya kuuliza.

"Amekula?"

"Bado."

"Basi sichomi." Jethro akaenda zake, na baadaye Madam Virginia akaja kumwangalia Makur kama mtu anayeangalia sufuria iliyoungua.

"Wagonjwa wote wamekula ila wako," alisema. "Mgonjwa hakatai chakula bure, Makur. Tafuta sababu."

Tafuta sababu: hayo ndiyo maneno aliyoambiwa. Lakini kijana alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia kwamba hajajitahidi. Na hapo ukaidi wake, uliokuwa umelala, ukaamka ukanyoosha miguu.

Siku iliyofuata alifika mapema kuliko wapishi. Aliukoroga uji mwenyewe, akausogeza karibu, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda. Poni, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa na mgonjwa kitanda cha pili, alimhurumia.

"Niachie mimi nijaribu. Labda anataka mwanamke."

"Mgonjwa wangu ni wangu," alisema Makur.

Kilichomtia moyo ni kwamba jioni Mama Athok alikula vizuri. Manesi wa zamu ya jioni walisema binti yake huja na bakuli, na mama hulimaliza. Wanafunzi wakati huo walikuwa wamekwisha rudi nyumbani. Mtu mwingine angejiuliza, mbona mchana hali na jioni anakula, na ni nani anayekuwapo mchana asiyekuwapo jioni? Makur yeye aliona jawabu ni kukaa karibu zaidi. Masikini, alikuwa na moyo mzuri kuliko macho.

Asubuhi ya mkasa, Jethro alikuja na sindano yake akiwa mbio, maana wodi ilikuwa imejaa.

"Amekula?"

Makur alikuwa ameshika bakuli mkono mmoja na kijiko mkono mwingine. Shuka ilikuwa imeshuka hadi kidevuni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya salamu aliyaona mashavu ya yule mama. Alijua leo atakula. Alijua kabisa. Kilichobaki ni kijiko kufika mdomoni.

"Anakula," alisema.

Jethro akachoma, akaenda. Makur akapeleka kijiko. Mama Athok akafunga mdomo, akafumba na macho.

Sasa hofu ikamwingia, lakini badala ya kumkimbilia Jethro aseme ukweli, alikaa palepale akabembeleza. Alibembeleza kwa Kidinka, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha Juba. Alikataa chai aliyoletewa na Poni. Hakunyanyuka hata kidogo, asije mama akataka kula akakosa mtu wa kumlisha. Kila dakika aliyokaa aliona aibu zaidi kuukiri ule uongo.

Kulipokaribia adhuhuri aliingia msichana na bakuli la bamia na asida, ule ugali wa Juba, limefungwa kitambaa. Alikuwa binti wa Mama Athok, leo amewahi. Aliponyanyua macho akamwona Makur, bakuli nusura limponyoke. Na Makur naye alimtambua. Alikuwa Achok, mchumba wa kaka yake.

"Wewe!" alisema Achok, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda alikokulia. "Wewe iko ndugu ya Ngor! Wewe nafanya nini hapa?"

"Huyu ni mgonjwa wangu. Ni mama yako?"

"Wewe hapana jua?"

Angejuaje? Ngor hakuwahi kulitaja jina la mama mkwe wake hata siku moja; kwa heshima alisema tu "kwa kina Achok", basi. Siku wazee walipokwenda kuposa, Makur alibeba kreti za soda, akakaa nje na vijana. Akina mama walikuwa ndani. Yeye hakumwona mtu, lakini kumbe mtu alimwona yeye, kupitia pazia, akaihifadhi sura yake.

"Mama hapana weza kula mbele ya mkwe," alisema Achok, akishusha sauti. "Ni aibu kubwa, hata kutaja ni aibu. Mpaka arusi iishe."

"Mkwe ni Ngor. Mimi ni mdogo wake tu."

"Ngor na ndugu ya Ngor, yote moja! Wewe nakaa na yeye tangu asubuhi? Yeye amekula nini?"

Makur akalitazama bakuli la uji, limejaa vilevile. Siku zote hizo alikuwa akikaza kiti chake pale, kumbe dawa ya mgonjwa wake ilikuwa yeye kuondoka. Alisimama, akatoka nje ya wodi karibu kukimbia, akaegemea ukuta. Alishusha pumzi. Sasa atakula, alijiambia, sasa atakula.

Ndipo aliposikia Achok akipiga kelele.

Mama Athok alikuwa ameloa jasho kama mtu aliyetolewa mtoni. Mikono ilimtetemeka, macho yalitangatanga, na binti yake alipomsogezea tonge alilipiga likaanguka. Alimwita Achok kwa jina la mtu mwingine. Makur alijua anachokiona, maana Madam Virginia alikuwa amewakaririsha mpaka wakachoka: sukari imeanguka. Alijua pia kwamba akisogea sasa, mbele ya wodi nzima, atakuwa amemtia mkwe wao chakula mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Kwa Ngor, hilo lingeweza kuvunja uchumba.

"Poni, mwite Jethro! Kimbia!" alisema, akapiga goti kando ya kitanda.

Alikoroga sukari kwenye maji, nzito. Alimwinua mama kichwa, akamwambia ameze mate, akaona koo limepanda na kushuka. Anaweza kumeza. Akampa kijiko, kidogo kidogo, akingoja kila mara koo lishuke. Mama alipokaza meno, Makur alimpaka sukari ndani ya shavu kwa kidole. Wagonjwa waliinuka vitandani. Mama mmoja mzee wa kitanda cha dirishani, aliyeelewa kinachotendeka, alijishika kichwa akageuka.

Jethro alipofika na dripu, mikono ya Mama Athok ilikuwa imetulia. Macho yalirudi mahali pake, yakazunguka, yakamkuta Makur. Alimtazama kidogo tu. Kisha akavuta shuka akajifunika, na chini ya shuka wakasikia kilio chepesi.

Madam Virginia aliingia, akapima, akauliza.

"Insulini imechomwa mtu hajala. Nani alisema amekula?"

Jethro alifungua mdomo. Achok, aliyekwisha fahamu mambo yanakoelekea, aliwahi: "Madam, mama alikula kidogo, mimi naona..." Alikuwa anamtupia kamba shemeji yake, na Makur angeweza kuishika. Angeishika, angepanda kidato cha nne.

"Ni mimi," alisema Makur. "Nilisema anakula. Alikuwa hajala kitu."

"Kwa nini?"

"Nilijua nitamlisha. Niliona aibu kusema nimeshindwa."

Madam Virginia hakupaza sauti, na hilo lilimtisha kijana kuliko kelele zote alizowahi kupigiwa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Leo ulificha maradhi ya mwenzako. Umemwokoa, nimeona, na umemwokoa vizuri. Lakini wewe ndiye uliyemtia shimoni. Vua aproni. Mwaka ujao utaanza upya na wanaokuja."

Habari zilifika nyumbani Mauna kabla yake. Ngor alikuwa amesimama mlangoni, bado na sare ya uwanja wa ndege.

"Ni kweli umemlisha? Kwa mkono wako? Mbele za watu?"

"Alikuwa anakufa."

"Ungeita msichana!"

"Mwenzangu nilimtuma kumwita nesi, Ngor, na Achok hakujua la kufanya. Mimi nilijua."

Ngor alizunguka chumba, akapiga meza. Wazee watasemaje, alisema, atapeleka mbuzi wangapi kuosha aibu hii, na labda hata mbuzi hawatasaidia. Kisha akakumbuka makubaliano yao, na sauti ikatulia kwa ubaya.

"Umerudishwa darasa. Kesho tunaenda wote cargo."

"Siendi."

"Ulikubali!"

"Nilikubali, na leo navunja neno langu. Nipige ukitaka." Makur hakurudi nyuma. "Nimekosea kazi ambayo naiweza. Nikiiacha sasa, nitabaki mtu aliyekosea tu. Nitarudia."

"Na watoto wadogo?"

"Na watoto wadogo."

Ngor akasema Mungu alimkosea sana kumpa ndugu wa namna hii, akaenda kuoga.

Asubuhi Makur alikwenda kwa Madam Virginia, akamwomba kazi yoyote ya kliniki isiyogusa mgonjwa. Kuosha vyombo, kubeba maji, kudeki. Madam alimwambia hakuna anayelipwa kwa hilo. Makur akasema hakuuliza malipo. Madam akamtazama juu mpaka chini, akamwonyesha jiko.

Alikuwa na mikono ndani ya masufuria pale Achok alipokuja mlangoni. Hakucheka wala hakukasirika.

"Mama natuma mimi," alisema. "Yeye nasema, mkono ile iliweka sukari kwa mdomo yake, hapana mkono ya mkwe. Ya daktari. Daktari hapana lipa mbuzi. Nimepeleka hii neno kwa Ngor pia."

Makur alifuta mikono kwenye suruali. Alitaka kusema kitu kizuri, lakini machozi yalimtangulia, akageukia masufuria.

"Bado," aliendelea Achok. "Yeye nauliza, uji ya jana nani alikoroga? Yeye nataka ile. Wewe lete, weka mlangoni, halafu enda. Hapana simama! Yeye nasema wewe napenda sana kusimama."

Makur akakoroga uji. Aliukoroga taratibu, hakuna buje la unga hata moja, akaubeba mpaka mlango wa wodi, akauweka juu ya kijimeza, akaondoka bila kuchungulia. Alizunguka nyuma ya jengo, akasimama chini ya dirisha ambako hakuna aliyeweza kumwona, akasikiliza. Kwanza alisikia watu wakiongea. Kisha kijiko kikaanza kugonga bakuli, pole pole, halafu haraka, kama mtu aliyekuwa na njaa ya siku nyingi.

Alingoja mpaka Achok akalitoa lile bakuli likiwa tupu. Akaliosha, akaliinamisha likauke, akavuka uzio kwenda kuwatazama wadogo wa kidato cha pili ambao angekuwa nao mwaka ujao. Walikuwa wanagombania viti vya nyuma. Cha mbele kilikuwa wazi, akakaa.