Mwalimu wa Eksi Nyekundu

Onésphore alikuwa na kidole kimoja kilichopinda, cha pete, mkono wa kulia, na alikipenda kuliko vile tisa vilivyonyooka. Mteja akija kununua mkate kwenye tanuri lake pale Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, aulize asiulize, alinyooshewa kidole hicho na kuhadithiwa. Kule Makamba, Burundi, alikosomea, mwanafunzi akikosea alikusanya vidole vyake vitano pamoja, ncha juu, kama mtu aliyefinya chumvi, na mwalimu akateremsha rula ya mbao juu ya kucha. Mwalimu Gervais alikuwa na mkono mzito. Siku moja rula ilikwenda kombo, kidole kikavunjika, na somo likaendelea.

"Na Kifaransa nakijua mpaka leo," Onésphore alimalizia akifunga mkate kwenye gazeti. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

Wateja waliitikia. Mtu mwenye njaa huitikia chochote.

Sasa alikuwa akitafuta mwalimu wa mtandaoni. Dada yake Sylviane, aliyehamishiwa Uingereza miaka tisa iliyopita, alikuwa amemwandikisha Boris, mwana pekee wa Onésphore, kwenye masomo ya mtaala wa Kiingereza yanayofuatwa kwa kompyuta. Boris akifaulu mtihani wa mwezi wa tano, chuo kimoja cha huko kingempa nafasi na ufadhili. Asipofaulu, basi ni tanuri na vumbi la Kakuma mpaka azeeke. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mtihani wa majaribio wa kemia ulikuwa umemwangusha vibaya. Siku alipoonyesha matokeo, baba yake alimchapa kwa kipande cha mpira wa maji mpaka mpira ukachanika, kisha akakata kingine, kirefu zaidi. Hakuwa na hasira, ndivyo alivyojisifu. Alichapa kwa utulivu ule ule aliokandia unga, na hilo ndilo lililomtisha zaidi mkewe Pascaline.

Sylviane alipiga simu. "Tafuta mwalimu wa ziada. Wajaribu watatu, kila mmoja amfundishe mtoto somo moja, halafu uchague. Usimchague kwa sura, kaka."

Wa kwanza alikuwa Bruno, wa Nairobi, aliyevaa tai na kutumia nusu saa nzima kueleza vyeti vyake. Onésphore aliifunga kompyuta kabla hajafika cheti cha tano. Wa pili alikuwa bibi wa Kiingereza mwenye sauti ya maziwa ya moto. Boris alikosea swali la kwanza, bibi akasema umejaribu vizuri sana. Akakosea la pili, bibi akasema anapenda anavyofikiri.

"Huyu atanilea mtoto kama paka," Onésphore alisema, naye akaondolewa.

Wa tatu alikuwa msichana wa Sudan Kusini aitwaye Arek, aliyekulia hapo hapo kambini, akapata ufadhili, akasoma kemia, na sasa alikuwa amepanga chumba Lodwar na kufundisha watoto wa Juba hadi Dubai kupitia skrini. Hakusifu. Alimpa Boris milinganyo ya kemia aisawazishe, na kila kosa lilipotokea aligonga eksi nyekundu juu yake papo hapo. Kisha aliuliza, "Hapa ulifikiria nini? Nipeleke mahali ulipopotelea." Katika nusu saa Onésphore alihesabu eksi kumi na moja, na moyo wake ukajaa furaha.

"Baba Boris," Arek alisema mwishoni, "mimi nafundisha kwa makosa. Mtoto asiponipa makosa yake, mimi sina kazi."

"Mwalimu, umesema neno!" Onésphore alipiga meza mpaka unga ukaruka. "Makosa utayapata. Yako mengi."

Pascaline, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimgeukia mwanawe. "Na wewe unamtaka nani?"

"Huyu wa Lodwar," Boris alisema. Alikuwa akitabasamu, maana katika ile eksi ya tisa alikuwa ameelewa jambo ambalo hakuwahi kulielewa mwaka mzima. Baba na mwana walikuwa wamekubaliana kwa mara ya kwanza tangu Boris aote ndevu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake sababu.

Masomo yakawa kila siku saa kumi jioni. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya kukatia mikate, na Boris mbele yake. Onésphore alikaa upande, juu ya gunia la unga, mahali ambapo jicho la kompyuta halifiki, mpira wa maji magotini.

"Macho nimeyaajiri," alimwambia mkewe. "Mkono ninao."

Eksi nyekundu ikitokea, mpira ulipita chini ya meza na kutua kwenye mashavu ya miguu ya mtoto. Eksi moja, pigo moja. Eksi mbili kwa mpigo, mapigo mawili, kwa haki kabisa. Kulia kulikatazwa, maana mwalimu angesikia na somo lingeharibika. Boris alijifunza kushika ukingo wa meza, kufumba macho kidogo na kuendelea kuandika. Siku ya nne ngozi ilipasuka juu ya kisigino, na damu ikaingia kwenye kandambili. Siku ya sita pigo lilitua pale pale palipopasuka, naye akajikojolea. Arek akauliza kama mtandao unamsumbua, maana alimwona akiyumba.

"Mtandao, mwalimu," Boris alijibu.

Jioni hiyo Pascaline alimwosha miguu kwa maji ya chumvi. Alipomaliza alimfuata mumewe tanurini.

"Papa Boris, utamvunja huyu mtoto."

"Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu si samaki. Nilimzaa mimi."

"Na mimi ndiye nitakayemfikisha Uingereza! Unataka abaki hapa kama sisi? Niambie, unataka?"

Pascaline alirudi ndani. Alimwogopa mumewe, na pia, Mungu amsamehe, aliitaka Uingereza.

Halafu likatokea la ajabu. Wiki ya tatu eksi zilianza kupungua. Wiki ya nne zilikuwa mbili tatu kwa somo zima. Wiki ya tano ukurasa wote ulikuwa tiki za kijani, mstari kwa mstari, na Onésphore akauning'iniza mpira wake kwenye msumari, juu ya picha ya Bikira Maria. Sasa wateja walipewa hadithi mbili kwa mkate mmoja, ya kidole na ya mpira. Wawili watatu walienda nyumbani na kuujaribu mpira kwa watoto wao.

Zilipobaki wiki saba mtihani ufike, Jumamosi asubuhi, Probox, gari la jirani yao Ekuru, ilisimama mbele ya tanuri ikitokea Lodwar. Akashuka msichana mrefu mwenye bahasha mkononi. Alimshukuru Ekuru kwa Kiturkana, akaingia, akasalimu, na Onésphore akachukua muda kuitambua ile sura aliyoizoea ikiwa ndogo ndani ya kioo. Dukani kulikuwa na wateja watano.

"Mwalimu mwenyewe!" alipaza sauti ili wasikie. "Mwalimu wa tiki!"

Arek hakucheka. "Mzee, naomba Boris akae hapa afanye karatasi moja mbele yangu. Saa moja tu. Na wewe usimame mbali."

Boris alikaa. Alikuwa amekonda. Aliandika saa nzima akiwa ameinamisha kichwa, na hakuna aliyenunua mkate, maana watu wa Kakuma wanajua harufu ya jambo linalokuja. Arek alisahihisha papo hapo kwa kalamu nyekundu, kisha akamkabidhi Onésphore karatasi. Maswali arobaini. Tisa sahihi.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo ukweli. Tiki zile zote nilizoweka ni uongo, mzee. Mimi nilidanganya, si yeye. Kila nikiweka eksi, mtoto anaruka. Mwanzo nikasema ni mtandao. Halafu siku moja nikaweka eksi kwa jibu lililo sahihi, makusudi, nione. Akaruka. Siku hiyo nikajua kalamu yangu ndiyo inampiga. Kwa hivyo nikaacha, kidogo kidogo. Na nikiacha eksi, hajifunzi kitu. Nimemharibia wiki tano kwa sababu yako, na nimekuja kuomba uache, ama utafute mwalimu mwingine."

Mteja mmoja nyuma aliguna. Mguno huo ndio uliomaliza kila kitu. Angekuwa peke yake, pengine Onésphore angeketi chini na kufikiri. Lakini ile hadithi ya mpira alikuwa amewauzia watu hawa hawa pamoja na mkate.

Alinyoosha mkono akachukua mti mrefu wa kuvutia mikate tanurini, mgumu, ambao ncha yake ilikuwa imeungua na kuwa nyeusi.

"Ulijua," alimwambia Boris. "Ulijua tiki ni za bure na ukanyamaza. Kusanya vidole."

"Papa."

"Kusanya vidole!"

Arek aliushika mti. Onésphore alimsukuma kwa kiwiko, msichana akaangukia rafu ya mikate, rafu ikamwangukia. Boris alimtazama baba yake usoni. Kisha polepole aliweka mkono wa kulia mezani, akakusanya vidole vitano, ncha juu, kama alivyosikia ikihadithiwa maisha yake yote. Hakufumba macho.

Mti ulishuka. Mlio wake ulikuwa wa ukuni mkavu ukivunjwa gotini, na mlio wa pili ulikuwa wa Boris, aliyekuwa amekatazwa kulia kwa wiki nane na sasa akalia yote kwa mara moja. Onésphore aliinua mti tena. Hakujua alikuwa akiuinua kwa sababu gani, mkono wenyewe ulipanda. Haukushuka. Pascaline alikuwa ametoka nyuma na karai la chuma, na alimpiga mumewe nalo kichwani kwa nguvu ya miaka kumi na minane ya ndoa. Mumewe alipopiga magoti alimpiga tena. Damu ilitiririka usoni, ikachanganyika na unga, na wateja wakawatenganisha.

Akiwa chini pale, Onésphore aliuona mkono wa mwanawe umening'inia ukingoni mwa meza. Kidole cha pete kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, upande ule ule, kwenye kiungo kile kile. Alikiangalia na kutapika.

Ekuru aliwapeleka Boris, Pascaline na Arek Lodwar mbio. Daktari alisema vidole viwili vimevunjika na vitachukua wiki sita, asiandike kabla ya hapo. Mama na mwana hawakurudi. Walipewa chumba na mama mmoja Mrundi wa kanisani, karibu na kwa Arek.

Onésphore alibaki na bandeji kichwani akioka mikate. Wiki ya kwanza alikuwa na hasira. Wiki ya pili alikuwa na aibu, na aibu ni mbaya zaidi kwa sababu haichoki. Mtoto mdogo aliyetumwa mkate alimwomba amwonyeshe kidole. Aliuficha mkono mfukoni mwa aproni. Usiku huo aliukatakata mpira wa maji vipande vidogo kwa kisu cha mkate, akavitia tanurini, na moshi wake ukaharibu mikate ya kesho.

Alipiga simu Lodwar. Arek ndiye aliyepokea.

"Mwalimu, mtoto anaendeleaje?"

"Anasoma. Kichwa kinaenda vizuri sana, tangu aanze kunipa makosa yake. Lakini hawezi kuandika, na majibu lazima yaandikwe ili ajizoeze. Mimi nina wanafunzi wengine. Mama yake hakusoma. Nimemuuliza nani amwandikie. Amesema wewe. Sikumshauri, mzee. Amesema uje mikono mitupu."

Alifika Jumatatu. Pascaline alimfungulia mlango, akaitazama mikono yake yote miwili, akampisha bila salamu. Boris alikuwa amesimama karibu na dirisha, bandeji imemfikia kiwiko, na alionekana amerefuka. Alimwonyesha baba yake kiti. Mezani palikuwa na kompyuta, daftari na kalamu.

"Kaa hapo, Papa. Mimi nasema, wewe unaandika."

Onésphore alikaa. Arek alitokea kwenye skrini kutoka chumbani kwake, akasoma swali kwa Kiingereza, na Boris, akiwa nyuma ya kiti, akaanza kutaja jibu polepole. Haidrojeni, jumlisha, oksijeni. Onésphore aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika bei za mikate. Jasho lilimtoka.

"Weka mbili mbele ya H," Boris alisema.

Aliandika.

"Papa, umekosea."

Hakuna aliyeguswa wala aliyepaza sauti. Lakini kalamu ilikuwa imeanguka, na mkono wa kulia wa Onésphore ulikuwa juu ya daftari, vidole vitano vimekusanyika pamoja, ncha juu, kimoja kimepinda. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Hakuwa ameuamuru mkono ule ufanye hivyo. Aliuambia ufunguke, haukufunguka, na machozi yakaanza kumdondoka juu ya kucha zake mbele ya mkewe, mwanawe na mwalimu.

Pascaline aligeuza uso. Boris alizunguka kiti akasimama mbele ya meza, akautazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha kwa mkono wake wa kushoto alivifungua vidole vya baba yake kimoja kimoja, cha pete kikawa cha mwisho, akairudisha kalamu kati yake.

"Umeiweka mbili chini, tena nyuma," alisema. "Inakaa mbele. Andika tena."