Mgongo Haujatua

Kikapu ameshakitua, lakini mgongo haujapata habari. Tusekile yuko katikati ya mistari ya chai, saa ya mapumziko ya mchana, ukungu umeshuka na kuvilalia vilima vya Rungwe, na yeye anatafuta namna ya kujilaza. Analala chali, hawezi. Anageukia ubavu, kiuno kinamfokea. Mwishowe analala kifudifudi, shavu juu ya kanga, na kwenye kanga hiyohiyo amelala Lugano, mwanawe wa miezi saba, mtoto mnono, mzito kupita umri wake. Asubuhi nzima amembeba Lugano kifuani na kikapu mgongoni, eti vitasawazishana, wazo lake mwenyewe, na wifi yake Subilaga amemcheka mstari mzima akimwita punda wa pande mbili. Havikusawazishana. Mtoto alivuta mbele, kikapu kilivuta nyuma, na kiuno kilichokuwa katikati ndicho kilichoumia. Tena amekosea jambo ambalo mchumaji hakosei. Pale shambani mtu hajitui mwenyewe: anasimama ameinama, mwenzake anakuja nyuma, anaweka mikono chini ya kikapu, anasema nimeshika, ndipo anapolegeza mikanda na kunyooka. Leo Subilaga alikuwa amempakata mtoto, na Tusekile kwa uchovu akajitua peke yake, hakuna aliyesema neno. Niangalizie mtoto, anamwambia wifi yake, nafumba macho kidogo tu. Anafumba, na uzito unarudi.

Unarudi taratibu, kwanza mabegani pale mikanda inapokaa, kisha unateremka, unatulia juu ya kiuno, na Tusekile anajikuta yuko wima nusu, ameinama, anatembea. Hajui ameinuka lini. Mchumaji akishakuwa na uzito mgongoni haulizi, anatembea, na mstari wa chai unatembea pamoja naye, hauna mwisho, unapinda, unakuwa njia, njia inagawanyika na kurudi kuwa moja, na kila anapodhani amefika kwenye barabara ya mzani, majani yanakopimwa, anakuta ni palepale alipoanzia. Mkono wa kulia unafanya kazi yake, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kiganja kikijaa unarusha nyuma juu ya bega, na yeye hageuki. Hakuna mchumaji anayegeuka kutazama kikapu chake. Mgongo ndio unaomwambia kimefika wapi, na mgongo unamwambia sasa kwamba kimejaa, kimejaa kabisa, lakini mkono haumsikii mgongo, unachuma na kurusha, unachuma na kurusha. Hapo ndipo hofu inapomwingia, hofu ndogo, ya kujiuliza mkono huu ni wa nani.

Njiani hayuko peke yake. Watu wanapita pande zote mbili, wengi, wote wameinama kama yeye, na hakuna mwenye uso, kwa maana nyuso zao zimetazama ardhi na anachokiona ni visogo tu, visogo na shingo zilizoota sugu mahali mkanda unapopita. Mmoja amebeba begani, amepinda upande mmoja kiasi kwamba sikio linagusa mzigo. Mwingine amebeba kichwani na shingo imezama, kidevu kimekaa kifuani. Hakuna anayeguna. Mwanamke mmoja anaanza kutembea sambamba naye, kisogo chake kina mvi, na sauti yake inatoka chini, kwenye udongo, pale uso wake ulipotazama. Mzigo wako umekaa chini mno, anamwambia, ndiyo maana unakukata kiuno, upandishe uugande mwili. Tusekile anajitikisa, anaupandisha, na kweli kiuno kinapata nafuu, ila sasa maumivu yamehamia shingoni. Yanahama tu, anasema yule mwanamke, hayatoki. Tusekile anamuuliza njia hii inafika wapi. Inafika pale mgongo unapoacha kuuliza. Anamuuliza amebeba nini, maana hayakumbuki majani kuwa mazito hivi, wala hayakumbuki majani yenye joto. Wanapita mpindo mmoja, wanapita wa pili, halafu yule mwanamke anasema: umebeba ambacho ukigeuka kukitazama, umekiangusha.

Wanaingia kwenye mji, na mji ule umejengwa kwa ajili ya watu wasioweza kuinua kichwa. Ardhi yake yote ni maji, maji matulivu ya kina cha kutisha, na miguu inatembea juu yake bila kuzama. Ndani ya maji ndimo zilimo nyumba, milango, madirisha, hata anga lenye mawingu yake, vyote vimepinduliwa, na watu wanazungumza na vivuli vya wenzao humo chini. Kwa mara ya kwanza Tusekile anajiona. Anaona paji lake la uso likitoka jasho, anaona mabega, anaona nyuma ya mabega kikapu kimejaa majani mabichi hadi ukingoni, mlima wa majani. Na katikati ya majani umetokeza mguu mdogo. Unyayo umetazama juu. Anaujua mguu ule, leo asubuhi ameupaka mafuta.

Mkono wa kulia unachuma. Sasa anauona kwenye maji, unachuma kusiko na chai, unajaza kiganja, unapanda juu ya bega, unamwaga majani juu ya mtoto wake, na ndiye yeye, ni mkono wake, ndio uliokuwa ukimfukia Lugano njia nzima. Anaukamata kwa mkono wa kushoto, anaubana kifuani, unapapatika. Analia. Anamwambia yule mwanamke, nitue, mama, nakusihi, nishikie nyuma nimtoe mtoto. Mikono yangu imeshika wangu, anasema yule mwanamke, ukinyooka bila kushikiwa anaanguka, na maji haya hayarudishi. Tusekile anawasihi wapitao mmoja mmoja, anasihi kisogo baada ya kisogo. Kila mmoja amekamata mkanda wake kwa mikono miwili, kila mmoja anapita. Ndipo anaisikia sauti nyuma yake, karibu kabisa, sauti ya Subilaga ya kila siku, yenye kicheko ndani: nimeshika, wifi, nyooka. Mwili wake wote unaitikia. Magoti yanakaza, mgongo unaanza kupanda, kikapu kinalala kwa nyuma, mguu mdogo unateleza, na katika nukta ileile jicho lake linaanguka kwenye maji na linaona kwamba nyuma yake hapana mtu.

Anajirudisha chini kwa nguvu, anainama zaidi ya alivyokuwa ameinama, na kwa kuwa hakuna njia ya kwenda juu, anakwenda chini. Anapiga magoti juu ya maji. Anaweka viganja. Anaulaza mgongo wake ukawa sawa kama meza, kikapu kinafumuka, na majani yanaanza kumwagika, kulia, kushoto, mafungu kwa mafungu, mpaka anasikia kitu kilichobaki kimelala juu yake chote kwa urefu, kifua juu ya uti wa mgongo, na kinapumua. Kinapumua. Maumivu ya kiuno sasa hayana jina, yanateremka mapajani, magoti yanawaka, viganja vinakufa ganzi, na furaha aliyo nayo haipungui. Yule mwanamke ameinama kando yake, kisogo chake kimekaribia kugusa maji. Sasa umembeba vizuri, anasema, basi usinyooke tena. Mpaka lini, anauliza Tusekile. Mpaka ipatikane mikono yenye mtu. Na Tusekile anakaa hivyo, mawingu yakipita chini yake, akihesabu pumzi za mwanawe na kupoteza hesabu na kuanza upya, akiogopa kukohoa, akiogopa hata kulia.

Wifi. We wifi. Anafumbua macho na kuona udongo mwekundu, magugu, mashina ya chai. Yuko kwa magoti na viganja katikati ya mstari, na Subilaga amesimama mbele yake akicheka mpaka machozi yanamtoka, Lugano amemning'inia begani. Unamchezea nani farasi, anauliza, na mtoto ninaye mimi? Kalia weee, nimembembeleza mpaka nyimbo zimeniisha. Anamshusha Lugano kwenye kanga, chini ya uso wa mama yake, na Lugano anamtazama, ananyamaza, ananyoosha mikono. Ni yeye, na mate yake, na jino lake la kwanza. Tusekile anatamani kumkumbatia. Ili amchukue inabidi anyooke, na hanyooki. Kikapu kiko pale kando, hakina kitu ila majani, anakiona kwa macho yake. Mgongoni uzito upo palepale, kwa urefu wa uti wa mgongo, una joto, na unapumua.

Subilaga, anasema bila kusogea, tazama mgongoni kwangu kuna nini. Kuna gauni lililochanika kwapani, anajibu Subilaga, na hakuna kingine, hebu nyooka umnyonyeshe mtoto, filimbi ya kurudi kazini inakaribia. Njoo nyuma unishikie. Nikushikie nini, na kikapu kile pale? Nishikie tu, wifi yangu, nakuomba. Lugano ameanza kulia tena, ile midomo imepinda, vidole vyake vinagusa kidevu cha mama yake, na Tusekile anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, maana akikaa hivi anamwacha huyu wa mbele alie, na akinyooka hajui anamwangusha nani. Subilaga anazunguka huku akilalamika kwamba kaka yake kaoa mwendawazimu. Anachuchumaa. Anatandaza viganja vyake hewani nyuma ya mgongo wa wifi yake, namna anavyofanya kila siku, na kwa sauti yake ya kila siku, yenye kicheko ndani, anasema: nimeshika, wifi, nyooka.

Hapa hakuna maji ya kutazamia. Tusekile anatazama udongo, na udongo haumwonyeshi kitu. Kwa sababu mtoto analia na yeye ni mama yake, ananyooka, kidogo kidogo, akimfuata Lugano kwa mikono miwili. Uzito unateleza kutoka mabegani, unapita kiunoni, unaondoka. Anamkumbatia mwanawe kifuani, na nyuma yake kicheko cha Subilaga kinakatika. Anamsikia akipiga goti chini, kwa kishindo. Hathubutu kugeuka.

Wifi, anasema Subilaga kwa sauti ndogo sana, na huyu nimlaze wapi?